Pampu Haikuwa ya Ogeto

Walimzika Mwalimu Ogeto huko Magwagwa siku ya manyunyu, na kijana aliyesoma wasifu wake akasema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaingiza wasichana wa Nyamira katika uhandisi. Kisha akanitaja kwa jina. Watu wakageuka kunitazama, wengine wakatikisa vichwa kwa heshima, na mzee mmoja wa kanisa akanipungia mkono kana kwamba nimepewa zawadi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na Kwamboka, rafiki yangu wa shule, ambaye ni muuguzi mstaafu na anatembea kwa mkongojo siku hizi. Nilianza kuinuka. Kwamboka akanishika sketi. "Kaa, Moraa," akaninong'oneza. "Mjane anatuangalia." Kweli alikuwa anatuangalia, yule mama wa watu, amejitanda leso, macho yamevimba. Nikakaa. Baadaye nikapewa sahani ya wali na nyama, nikala mbele ya watu, na kila tonge lilishuka kama kokoto. Sina neno na mjane. Lakini na Ogeto nina neno, na kifo chake hakikulimaliza. Wanaosema marehemu asisemwe vibaya hawakupita katika maabara yake. Basi nimeketi kuandika mwaka ule ulivyokuwa, na ninaandika nikitaka waliokuwa wanafunzi wake wasome, na watoto wake wasome, na yule kijana wa kipaza sauti asome pia.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana iliyokaa mteremkoni, juu ya bonde lenye chemchemi. Tulikuwa na chumba kilichoitwa chumba cha sayansi, na ndani yake mlikuwa na cherehani, meza ya kupigia pasi na mchoro wa tumbo la ng'ombe. Wasichana tulikuwa tukifundishwa kwamba duniani kuna kazi mbili, ualimu na uuguzi, na atakayeshindwa na zote mbili ataolewa mapema zaidi. Mwezi wa Januari akaja mwalimu mpya wa hesabu, Mwalimu Akinyi, kutoka kwao kando ya ziwa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito, na hakujua Kigusii hata cha salamu, kwa hiyo nje ya darasa tulizungumza naye Kiswahili, yeye na chake sisi na chetu. Alipewa chumba kimoja mwisho wa nyumba za walimu. Jumapili alikuwa akituita tunywe chai. Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba vingi nilivyolala tangu hapo: stovu ya mafuta ya taa pembeni, harufu ya omena aliyoletewa kutoka nyumbani, ndizi mbivu kwenye karai, na katikati ya sakafu, juu ya magazeti, baiskeli yake iliyofunguliwa yote, kila nati mahali pake. Tulikuwa tunaruka vipande vya baiskeli ili tufike kwenye chai.

Jumapili moja alituuliza tunataka kuwa nani. Tukajibu kama tulivyofundishwa. Yeye akaendelea kupaka mnyororo grisi.

"Daraja la Gucha, pale mnapopita mkienda Kisii, lilijengwa na nani?"

"Wanaume, mwalimu," Kwamboka akasema, nasi tukacheka.

"Sawa, wanaume. Walitumia nini?"

"Saruji. Vyuma."

"Na hesabu. Wasingekuwa na hesabu lingeanguka na saruji yake. Sasa wewe Kwamboka, hesabu za kidato cha nne nani anakushinda hapa?" Hakuna aliyekuwa akimshinda. "Basi usiniambie habari za wanaume. Niambie kama unataka ama hutaki."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza kama tunataka. Usiku wa kuamkia Jumatatu nilimsikia Kwamboka akigeuka geuka kitandani. Asubuhi tulikwenda pamoja kumwambia Mwalimu Akinyi kwamba tunataka fizikia. Yeye akaenda kugombana na mwalimu mkuu wetu ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama lakini alikuwa ameshinda: tungevuka bonde kila wiki kwenda kusoma fizikia katika shule ya wavulana iliyokuwa ng'ambo, juu ya kilima cha pili. Huko ndiko kulikokuwa na maabara. Huko ndiko kulikokuwa na Ogeto.

Lazima niseme ukweli kwamba alifundisha vizuri. Chuki yangu haihitaji uongo. Alivaa tai hata siku za joto, viatu vyake viling'aa, na alipoeleza umeme au mwanga wavulana walisahau kupepesa macho. Sisi wawili alituweka nyuma kabisa, kando ya sinki. Siku ya kwanza, jaribio lilipokwisha, alipiga makofi mara moja akasema, "Wasichana, vyombo." Tukadhani ni zamu. Tukaosha bilauri na mirija ya wavulana wote. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata. Hakuwahi kutupa vifaa vyetu wenyewe. Tulikuwa tunachungulia juu ya mabega ya wavulana, kisha tunaosha walichotumia. Tukiinua mkono alikuwa akisema, "Subiri, tumalizane na wanaofanya mtihani," ilhali nasi tulikuwa tunafanya mtihani. Wavulana walituita "wale wa vikombe." Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akinipa daftari lake ili nilinakili mlangoni, lakini hata yeye alifanya hivyo akitazama nyuma asionekane.

Siku moja nilikuwa nakausha mirija katika stoo, na Ogeto akaingia maabara na mwalimu mwenzake. Hawakujua kuna mtu nyuma ya ukuta wa mbao. Mwenzake akamuuliza wale wasichana wanaendeleaje. Ogeto akacheka. "Wanaosha vizuri," akasema. "Yule mama wa ziwani anafikiri atatuletea mainjinia wenye sketi. Mimi ninawavumilia tu. Wakichoka watarudi kwa cherehani." Mwenzake akasema mmoja wao ana akili, amesikia. Ogeto akajibu, "Akili ya msichana ni mali ya wakwe zake. Nipoteze muda wangu kwa mali ya watu?" Nilibaki nimeshika mrija ule hadi ukavunjika mkononi. Kovu ninalo. Na tangu dakika ile sikuwa tena nasoma fizikia kwa sababu ya daraja la Gucha. Nilisoma ili yule mtu aaibike. Watu wa hotuba huwaambia vijana kwamba chuki haijengi. Yangu ilijenga, na ninawaambia wasichana hivyo hivyo wakiniuliza.

Ilikuwa imetangazwa kwamba muhula wa pili kutakuwa na maonyesho ya sayansi katika shule ya wavulana, shule za jirani zilete kazi zao, na wageni wangekuja, pamoja na mhandisi wa maji kutoka Kisumu. Mwalimu Akinyi akatuuliza ni jambo gani linatuchosha kuliko yote. Hatukuhitaji kufikiri. Kila asubuhi na kila jioni tulikuwa tunateremka kwenye chemchemi na kupanda mteremko na madebe kichwani, mvua ikinyesha unateleza, unarudi tena chini. Basi akatuchorea pampu aliyoiona utotoni katika misheni moja kwao, pampu isiyotumia mafuta wala umeme. Maji yanateremka kwa kasi ndani ya bomba. Vali inajifunga ghafla mbele yake. Yakikosa pa kupita yanasukuma vali ya pili na kurukia bomba jembamba linalopanda mlimani. Kisha ile vali ya kwanza inaanguka na kufunguka, na mambo yanaanza upya, mchana na usiku, bila mtu. Tuliisoma kwa mchoro mpaka tukaiota.

Mabomba tuliyapata Mosocho, kwa mtu aliyekuwa anabomoa mashine kuukuu ya kukobolea kahawa. Mimi nilifanya hesabu. Lakini mikono ilikuwa ya Kwamboka, na hili nataka lieleweke, kwa sababu yeye mwenyewe halisemi. Vali ya kwanza tuliyotengeneza ilivuja, na ya pili ikavuja. Kwamboka akakata soli ya kandambili ya kaka yake, aina ile ya mpira wa gurudumu, akaichonga kwa wembe, akawa anaipitisha ulimini kuhisi kama ina mwinuko, anachonga tena. Tulipoifunga pale chemchemini na kuachia maji, ilisita, ikakohoa, halafu ikaanza kupiga, tuk, tuk, tuk, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka. Juu, kando ya barabara, maji yakatoka kwenye bomba jembamba. Wasichana waliokuwa na madebe walipiga vigelegele. Mwalimu Akinyi akakaa chini kwenye majani, na sketi yake nzuri, akafunika uso kwa mikono.

Kulikuwa na ufa mdogo kwenye kiungo, na mashine ya kuchomelea ilikuwa shule ya wavulana. Tukaipeleka huko pampu yenyewe, mabomba marefu tukayaacha yamefungwa bondeni. Ogeto aliizunguka, akaigusa, akauliza inafanya nini, nasi wajinga tukamweleza kila kitu. "Iacheni," akasema. "Nitaichunguza niwasaidie." Tulipomwomba wiki iliyofuata alisema bado. Wiki ya maonyesho akasema itakuwa tayari siku yenyewe.

Siku ya maonyesho ilikuwa Ijumaa, iishe mapema kabla Sabato ya Wasabato haijaanza jioni. Wasichana wa shule yetu tuliambiwa tufike asubuhi, na tulipofika tukapewa aproni. Tungewapa wageni chai. Niliingia maabara nimebeba sinia la vikombe, na juu ya meza ya mbele, imepakwa rangi ya fedha, ilikuwa pampu yetu, imeunganishwa na pipa la maji lililoinuliwa juu ya mbao. Mbele yake walisimama wavulana wawili waliovaa tai, na kadi yenye majina yao. Kwamboka alikuwa nyuma yangu na birika. Nikamsikia akivuta pumzi. Nikamfuata Ogeto mlangoni.

"Mwalimu, ile ni yetu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua kuona kama itampata. "Ni ya shule," akasema. "Mnasoma katika maabara ya shule hii. Nikiandika ni ya wasichana, wageni watasema tumeshindwa na wapishi. Peleka chai, omoiseke."

Omoiseke kwetu ni msichana tu. Nikapeleka chai. Na wavulana walipotoka kwenda kuwapokea wageni uwanjani, nikaweka sinia chini, nikafungua nati mbili kwa kijiko na vidole, nikatoa ule mpira wa kandambili, nikautia ndani ya aproni, nikafunga tena. Kwamboka alisimama mlangoni na birika lake akinikinga. Wageni walipofika, wavulana wakaeleza kwa Kiingereza kizuri, wakafungua maji, na maji yakamwagika kwenye sakafu na kwenye viatu vya Ogeto. Wakafunga, wakafungua, yakamwagika tena. Mhandisi wa Kisumu, mtu mfupi mwenye miwani, akawauliza vali ya ndani imetengenezwa kwa kitu gani. Mmoja akasema shaba. Mwingine akasema nadhani ngozi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona jasho likitoka chini ya nywele za Ogeto, na ninakiri kwamba sijawahi kunywa kinywaji kitamu kama jasho lile nililolitazama tu. Wakaenda meza nyingine. Ogeto akawaambia wavulana huku ameuma meno, "Ondoeni takataka hii."

Wakaitupa nyuma ya jiko. Sisi tukaichukua. Kwamboka akashika upande huu nami ule, tukateremka nayo bondeni mbio na aproni zetu, Mwalimu Akinyi akitukimbilia na spana ya baiskeli yake mkononi, viatu amevivua. Tukaifunga kwenye mabomba yetu, Kwamboka akarudisha mpira mahali pake, tukaachia maji. Ilisita, kisha ikaanza kugonga. Barabara ya wageni ilipita pale pale juu, na gari la mhandisi lilipofika, maji yalikuwa yakirukia barabarani. Gari likasimama. Yule mtu mfupi akateremka mpaka matopeni akainama, akaweka kiganja juu ya pampu kama daktari anayepima moyo.

"Nani ametengeneza?"

"Sisi," Kwamboka akasema.

"Vali ni ya nini?"

"Soli ya kandambili, mzee."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. Gari la pili lilikuwa limesimama nyuma, na Ogeto alikuwa ameshuka kuwasindikiza wageni. Mhandisi akapaza sauti, "Mwalimu! Hawa mbona hukutuonyesha?" Ogeto akainama kufuta matope kwenye kiatu. Walimu wa shule nyingine walikuwa wakisikia. Hata wale wavulana wawili walikuwa wakisikia, na mmoja akatazama chini.

Hiyo ndiyo furaha yetu, na haikudumu. Jumatatu tulikatazwa kukanyaga maabara ile, kwa kosa la kuharibu mali ya shule. Ogeto alikula na mwenyekiti wa bodi yetu, wakala tena, na likizo ya Agosti ilipofika Mwalimu Akinyi alipewa uhamisho wa kwenda mbali sana, kaskazini, kwa sababu alikuwa anawachochea wasichana. Alifunga vitu vyake mchana mmoja. Baiskeli alikuwa ameirudisha nzima. Vitabu vyake vya fizikia akanipa mimi, na Kwamboka akampa ile spana. "Msilie," alituambia, na sauti yake ilikuwa ya hasira hasa. "Kilio ndicho anachongoja. Msimpe."

Kwamboka hakulia, lakini alivunjika. Mwalimu mkuu alimwita akamwonyesha kwamba mtihani wa vitendo hauwezekani bila maabara, achukue sayansi ya nyumbani aende uuguzi, na nyumbani kwao wakasema hivyo hivyo, na akakubali. Amewahudumia wagonjwa wa Kisii maisha yake yote, na wapo watu wanaotembea leo kwa sababu yake. Lakini mimi niliiona mikono ile ikichonga mpira kwa ulimi na wembe. Nchi hii ilikuwa na mhandisi bora kuliko mimi, na Ogeto akamrudisha kwa cherehani kama alivyoahidi. Hilo ndilo sitamsamehe. Yangu ningeweza.

Nilisoma peke yangu kwenye chumba cha sayansi, chini ya tumbo la ng'ombe. Siku ya mtihani wa vitendo hawakuweza kunizuia, kwani mtihani haukuwa wao, na Ogeto akaniweka meza ya mlangoni ambapo upepo ulikuwa ukiyumbisha pendulamu yangu. Nilisimama nikafunga mlango. Akapita akaufungua. Nikaufunga tena, nikaburuta kiti changu nikakiegemeza mlangoni, nikafanya kazi yangu nimesimama mpaka mwisho, mgongo wangu kwake. Nilifaulu. Nikaenda chuo cha ufundi Nairobi, darasa la wanaume watupu, na kila siku niliyochoka nilikumbuka sauti ile nyuma ya ukuta wa mbao, uchovu ukaisha.

Kabla miaka ya sabini haijakwisha nilirudi Nyamira, nimeajiriwa katika idara ya maji, na mradi wangu wa kwanza ukawa kupeleka maji kwenye shule mbili zilizotazamana ng'ambo ya bonde. Vifaa havikutosha zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ingetangulia, nyingine ingengoja hadi mwaka unaofuata. Shule ya wasichana ilikuwa chini kidogo, bomba lake fupi zaidi, na kwenye ripoti nilitoa sababu ambazo wakubwa wangu walizisoma wakatia sahihi bila swali. Zilikuwa sababu za kweli. Sizo zilizonisukuma.

Siku ya kufungua maji nilimwomba mwalimu mkuu wa wasichana anipe darasa la kidato cha pili. Nikawagawia spana, nikawaonyesha vali kubwa, nikawaambia washike, wakosee, wachafuke. Msichana mmoja mdogo kuliko wote, aliyekuwa amefungwa kitambaa jicho moja kwa sababu ya kipele, aliing'ang'ania geji ya presha, ile saa ya kupimia msukumo wa maji, akakataa kumwachia mwenzake. Ndipo kwenye lango nikamwona Ogeto. Alikuwa mwalimu mkuu sasa, mwenye mvi. Nyuma yake walikuwa wavulana wake, kila mmoja na ndoo. Kisima chao kilikuwa kimekauka, na chemchemi ya bondeni pia, nao walikuwa wamevuka bonde kuomba.

Alinitambua. Alitoa kofia. "Injinia Moraa," akasema, akitabasamu, "nilijua tangu zamani utafika. Tunaweza kuteka?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka yote ile. Nilikuwa nimeyapanga moja baada ya jingine, na yalinijia yote mdomoni kwa pamoja. Lakini yule msichana wa jicho moja alinitangulia. Hakumjua yule mzee ni nani. Hakugeuka hata kumtazama.

"Subiri hapo, mwalimu," akasema, akifuta kioo cha geji kwa kiwiko chake. "Bado tunapima presha."

Na Ogeto akasubiri, kofia mkononi, viatu vyake vikizama matopeni, mpaka msichana aliporidhika na kipimo chake.